Kisogo cha Ua

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya sayansi yote, natangaza rasmi kwamba ua jipya, ambalo halijapata kuandikwa katika kitabu chochote wala kuonwa na mtaalamu yeyote, limegunduliwa karibu na shule yetu ya bweni ya wasichana. Lina petali tano za zambarau, stameni nyekundu ndefu kama ndimi za nyoka, na kikonyo chenye manyoya. Halinyauki kwa jua wala kwa mvua. Mnaweza kukaa.

Nimesema limegunduliwa. Kwa usahihi zaidi, lilipikwa. Tulilipika mimi na Fundi nyuma ya bafu la bweni letu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwa vipande vya mishumaa. Petali tulizitoa kwenye kichaka cha nyuma ya jiko. Stameni tulizinyofoa kwenye ua la mbele ya nyumba ya Mkuu wa shule, huku Fundi akijifanya amekuja kusalimia. Kikonyo kilikuwa cha gugu moja linalowasha, na kiliniwasha mpaka wikiendi. Kila kipande tulikichovya kwenye nta ya moto, tukakiacha kipoe, kisha tukavifunga vyote pamoja kwa uzi mwekundu wa sweta langu la shule. Uzi huo Fundi aliuchomoa kwenye ukosi, nyuma kabisa, mahali ambapo mwenyewe sipaoni.

Fundi aliitwa Fundi kwa sababu alitengeneza pasi, redio ya matroni, na makufuli ambayo wenyewe hawakuwa wameomba yafunguliwe. Mimi wananiita Spika. Ni kwa sababu ya sauti. Nikiomba chumvi mezani, wanafunzi wa kidato cha kwanza husimama.

Sasa, mlengwa. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, ameinama kidogo kuanzia mabegani, na juu ya yote hayo akivaa kofia pana ya ukili. Alipokuwa hayupo tulimwita Kikonyo. Kila Jumamosi alitoka na kamera yake shingoni kwenda kupiga picha maua ya porini, akarudi na matope magotini na uso wa mtu aliyetoka harusini. Korido ya maabara ilikuwa imejaa picha hizo tangu mlangoni hadi dirisha la mwisho, na kila picha ilikuwa na kizibo cha soda pembeni ya ua ili ujue ukubwa wake.

Alikuwa na sheria zake. Hachumi ua, hata kama ni gugu. Ua hulifuata pale lilipo, hulala chini kwa tumbo ikibidi, na hulipiga picha usoni, ubavuni na kisogoni.

"Usoni maua yanafanana kama watu waliojipaka poda," alikuwa akituambia. "Nenda nyuma yake. Tazama sepali, tazama linavyoshikana na kikonyo. Hapo ndipo utajua ni la ukoo gani. Sijaona kisogo, sijaliona."

Sheria nyingine ilihusu mahali. Zamani aliwahi kuwaambia wanafunzi alipoiona okidi moja nyeupe, na wiki iliyofuata okidi hiyo ilionekana kwenye nywele za msichana wa kidato cha tatu. Tangu siku hiyo, akipata ua adimu hamwambii mtu lilipo. Ukimuuliza atasema, "Mtoni," hata kama amelitoa juu ya kilima. Shule nzima ilijua kwamba mtoni maana yake ni popote isipokuwa mtoni. Wanafunzi, yaani. Walimu wenzake hawakuwahi kumuuliza.

Na walikuwa na sababu. Miaka kadhaa nyuma aliwahi kuona ua alilodhani ni jipya, akatuma picha kwa wataalamu wa chuo kikuu. Alikuwa amepiga uso tu, kwa haraka ya furaha. Wakamjibu kwa adabu kwamba lile ni gugu la kawaida lililoshambuliwa na wadudu. Barua ilisomwa kwa sauti kwenye chumba cha walimu. Mpaka leo mwalimu wa hesabu akiona jani lolote limejikunja huuliza, "Hili nalo tulipeleke chuo kikuu?" Halafu wengine hucheka, na yeye Mwalimu hucheka nao, ila huwa wa kwanza kutoka.

Mimi haya yote niliyajua. Ndiyo maana nilichagua ua.

Chanzo kilikuwa sifuri. Alitupa zoezi la kutambua maua kwa picha, mimi nikayapa yote majina ya wabunge wangu, yaani wanafunzi wenzangu darasani. Akaniandikia kwa kalamu nyekundu: *Unatazama vitu kama mtu aliyekaa dirishani mwa basi.* Darasa zima likacheka. Mtu wa cheo changu hawezi kuchekwa na darasa zima halafu akalala.

Nilikuwa sina nafasi ya kosa lolote. Muhula uliopita nilishika kipaza sauti mstarini nikatangaza kwamba shule inafungwa mapema kwa sababu ya uhaba wa chaki, na nusu ya kidato cha kwanza wakafunga masanduku. Mama aliitwa. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini na sare yake ya uuguzi. Yuko wodi ya mifupa. Mkuu wa shule, mama mpole wa sura na mgumu wa maamuzi, alimwambia, "Kosa moja tena, mama, na mtoto wako atabeba godoro lake mpaka nyumbani." Mama alinitangulia hadi getini. Hapo akanigeukia. "Mimi nashinda na watu walioanguka," akasema. "Nisije nikarudi nyumbani nikakuta na wewe umeanguka." Akapanda gari. Hakupunga mkono.

Kwa hiyo ua letu lilihitaji kuwekwa mahali ambapo litaonwa lakini halitashikwa.

Nyuma ya mabweni, ukipita mikaratusi, kuna shimo la zamani la kokoto. Uzio wake wa waya umelala chini, na kibao cha HATARI kimebaki na herufi tatu. Wachimbaji waliondoka kabla hatujazaliwa. Chini kuna maji ya kijani yasiyotikisika, na kuta zake zinameguka zenyewe. Wakati wa prepu, darasa likitulia, unaweza kusikia jiwe likiachia huko nyuma. Ko. Ko. Kisha kimya kirefu kuliko unavyotarajia, ndipo maji yanapolipokea. Hapo kila mmoja huinamia daftari lake.

Katikati ya ukuta mmoja kuna kibaraza cha mwamba, chembamba, kinachotazamana na kijia cha ng'ambo alichokuwa akipita Mwalimu kila Jumamosi. Zamani wachimbaji walikifikia kwa njia iliyochongwa ubavuni. Njia hiyo imebaki upana wa unyayo, na pengine haipo kabisa. Sisi hatukuthubutu kuikanyaga. Fundi aliiba mwanzi unaoinua kamba ya kuanikia nguo, akaupasua ncha, akalibana ua pale. Tukalala kifudifudi ukingoni na kuliteremsha mpaka likaingia kwenye ufa wa mwamba. Lilisimama wima. Hata mimi, niliyelipika, nilihisi linanitazama.

"Hakuna mtu mwenye akili timamu atashuka pale," nilisema.

"Atalipiga kwa lenzi ndefu, toka ng'ambo," alisema Fundi. "Atapagawa, na hataona nta."

Tulipanga vizuri. Tulisahau jambo moja tu, nalo tulikuwa tumefundishwa kila wiki kwa miaka mitatu.

Jumatatu aliingia darasani bila kofia. Alikuwa ameisahau mahali. Akabandika picha ubaoni, amekata kingo zote ili mahali pasijulikane, likabaki ua peke yake na giza la mwamba nyuma yake.

"Hili silijui," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimepitia vitabu vyote nilivyonavyo. Silijui."

"Umelipata wapi, Mwalimu?" aliuliza mmoja.

"Mtoni."

Fundi alinipiga teke chini ya meza. Niliingiza uso kwenye mkoba, nikacheka mpaka machozi yakaloanisha kitabu cha jiografia.

"Ila msinipongeze bado," aliendelea Mwalimu, huku akiigusa picha kwa kidole. "Sijaliona kisogo."

Nilitoa uso kwenye mkoba. Fundi alikuwa ameacha kucheka kabla yangu.

Wiki hiyo tulingoja achoke. Hakuchoka. Ua nalo halikumsaidia kuchoka, kwa sababu ua la kweli lingeshanyauka, Mwalimu angehuzunika siku mbili, mambo yangekwisha. Letu lilisimama tu. Jua lilipiga, likasimama. Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha, tukakimbia kwenda kuchungulia kwa matumaini, tukalikuta limeoshwa na linang'aa zaidi. Kila kitu kwenye ukuta ule kilikuwa kikipauka au kumeguka, isipokuwa lenyewe.

"Lile si ua tena," Fundi alisema. "Sijui ni nini."

"Ni nta," nilimjibu. "Acha ushirikina, wewe ni mtu wa waya na bisibisi."

Lakini nami sikupenda kulitazama.

Tuliamua kulitoa. Mwanzi tuliuendea, tukakuta matroni, kwa hasira ya nguo zilizoburuzwa matopeni siku ile tuliyouazima, ameamuru uchimbiwe na kumwagiwa saruji. Fundi aliutikisa kidogo, kwa heshima, kama mtu anayetoa rambirambi. Basi tukaleta manati. Tulijipanga ng'ambo, kwenye kijia cha Mwalimu, tukalifyatulia mawe jioni nzima. Mimi nina shabaha mbovu na Fundi ana shabaha nzuri, na matokeo yetu yalikuwa sawa. Mawe yaligonga mwamba juu ya ua, chini yake, pembeni. Kila yalipogonga, udongo ulimiminika kidogo kutoka kwenye kibaraza, kama chumvi inayotoka kwenye chupa. Fundi aliushika mkono wangu.

"Ufa ule ulikuwepo?"

Chini ya kibaraza palikuwa na mstari mweusi, umetambaa kutoka ubavuni hadi karibu na ua.

"Ulikuwepo," nilisema.

"Spika."

"Nimesema ulikuwepo."

Tulirudi. Kwenye mikaratusi Fundi alisimama. "Tumwambie."

"Tumwambie, halafu nibebe godoro? Unamjua mama yangu wewe?"

"Namjua Mwalimu. Atashuka."

"Ana goti bovu. Ngazi za maabara tu anazipanda akihesabu moja moja. Mtu huyo atashuka shimoni?"

"Jana alikwenda kwa Babu kuomba kamba."

Babu ndiye mlinzi wetu wa geti. Nilimfuata nikamsalimia kwa adabu zote, nikamuuliza habari za kamba.

"Ile ya kufungia kuni? Amechukua Mwalimu," alisema. "Anasema ya kuanikia mapazia. Mimi nikamwambia, mwalimu, mapazia gani hayo, unaanika meli?" Alicheka sana, nami nikacheka naye.

Kesho yake nilimkuta Mwalimu peke yake maabara. Nilikuwa nimetunga mpango, na kwa macho yangu ulikuwa mpango wa huruma: kumtoa kwenye ua bila mimi kutajwa. Alikuwa ameinamia picha, ameikuza mpaka ua limekuwa kubwa kama sahani.

"Njoo uone, Spika," alisema. Sikujua kama anajua jina hilo. "Nimekaa naliangalia Jumapili nzima, toka asubuhi. Hakuna mdudu hata mmoja aliyetua juu yake. Nyuki wanapita, wanalizunguka kwa mbali, wanaondoka. Sijawahi kuona ua linaloogopwa na nyuki."

"Labda ni bovu, Mwalimu."

"Bovu?"

"Nasema tu. Labda ni gugu la kawaida, ila lina ugonjwa. Wadudu wamelishambulia. Inatokea, si ndiyo?"

Nilimwona akiiweka chini ile picha taratibu, akanyoosha kingo zake kwa vidole ingawa hazikuwa zimekunjamana. Nilikuwa nimegusa palepale, kwenye ile barua, na nilijua nilipogusa.

"Inatokea," alisema. "Ndiyo maana safari hii simtumii mtu picha ya uso. Asante. Nilikuwa naanza kusitasita, lakini umesema kweli. Lazima nilione kisogo."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Tulikuwa wawili, mlango umefungwa, na neno lenyewe ni fupi. Nilifungua mdomo. Nikamwona mama yangu getini, hapungi mkono. Nikasema, "Haya, Mwalimu, kazi njema," nikatoka.

Ijumaa mvua ilinyesha toka mchana hadi tukalala. Bati la bweni lilipigwa mpaka hatukusikiana. Lilipotulia kidogo, nilisikia kule nyuma. Haikuwa ko, ko. Ilikuwa sauti ndefu, kama mtu anayeburuza kabati zito sakafuni, kisha maji.

"Umesikia?" Fundi aliuliza kutoka kitanda cha juu.

"Lala."

Jumamosi anga lilikuwa safi. Tulifua, tukapiga deki, tukala mchana. Kiti cha Mwalimu kwenye meza ya walimu kilikuwa kitupu, lakini Jumamosi huwa kitupu. Mwalimu wa hesabu alisema kitu kuhusu magugu, wakacheka. Nilikula. Nataka ieleweke kwamba nilikula chakula chote.

Wiki ile Mwalimu alikuwa wa zamu. Mwalimu wa zamu ndiye anayegonga kengele ya jioni, na yeye hakuwahi kuichelewesha. Jua lilishuka nyuma ya mikaratusi, vivuli vikafika uwanjani. Tulikusanyika wenyewe mstarini kwa mazoea, tukasimama tukiitazama kengele. Ilining'inia tu. Wasichana wa kidato cha kwanza walianza kunong'ona, halafu wakaacha.

Fundi alikuwa mstari wa nyuma yangu. Sikugeuka, lakini nilijua ananitazama wapi.

Mkuu alitoka ofisini na miwani mkononi. "Nani amemwona Mwalimu?"

Babu alisema alimwona asubuhi akitoka na kamba. Amekwenda wapi? Aliniambia mtoni, alisema Babu. Mwalimu wa hesabu alithibitisha. Ndiyo, huwa mtoni, kila siku ni mtoni. Mkuu aliutazama upande wa mto, na sote tuliusikia kutoka pale, ulivyokuwa umejaa kwa mvua ya usiku.

"Mungu wangu," alisema. "Dereva! Babu! Walimu wote! Mtoni!"

Nikawaona wakikimbia. Walikimbia kwelikweli, watu wazima, mwalimu wa hesabu akiwa mbele na viatu vyake vya ngozi, wakiliita jina lake. Walikuwa wakienda upande usio wenyewe. Kila hatua waliyopiga iliwapeleka mbali zaidi na shimo, na ingawa wanafunzi wote walijua kwamba mtoni si mtoni, watu wawili tu ndio waliojua kwamba ni shimoni.

"Spika," alisema Fundi kwa sauti ya chini. "Sema wewe, au nasema mimi."

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

Nilikuwa natafuta njia, kama ninavyotafuta siku zote, ya kusema bila kusema. Walirudi wakiwa wameloa hadi mapajani. Dereva alikuwa ameshika tawi refu, na nilielewa alikuwa akilitumia kupapasa chini ya maji. Mwalimu wa hesabu alikaa chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa mikono.

Ndipo nikainua mkono.

"Mkuu, nimesikia sauti. Nyuma kule, shimoni. Kama mtu anaita."

"Lini?"

"Sasa hivi. Ya mwanamke. Inaita, nisaidieni."

Hakuuliza zaidi. Tulikimbia wote kupita mikaratusi, na mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana. Kwenye mti wa mwisho kamba ya kuni ilikuwa imefungwa mara mbili, vizuri, ikapita juu ya uzio ulioanguka na kuteremka ukingoni. Ilikuwa imekaza. Mkuu aliiona akashika kifua.

Njia ya wachimbaji haikuwepo tena. Palikuwa na jeraha jekundu la udongo mbichi kutoka juu hadi majini. Nusu ya kibaraza ilikuwa imekwenda nayo, na kwenye nusu iliyobaki alikuwepo Mwalimu, amekaa ameegemea mwamba, kamba kiunoni, kamera kifuani, mguu mmoja umeelekea mahali ambapo miguu haielekei. Alikuwa anatutazama. Hakusema kitu. Alinyoosha tu kiganja, taratibu, akituonyesha tusisogee ukingoni.

Dereva alileta kamba ya kuvutia gari. Babu, ambaye hutumia asubuhi nzima kufungua geti, alijifunga akateremka bila kuulizwa na mtu. Walimu wote walishika kamba, na sisi nyuma yao, na mimi nilishika mpaka viganja vikachubuka. Dereva ndiye aliyeongoza: "Taratibu. Taratibu. Vuta." Walipofika juu, wote wawili wamefungwa pamoja, kibaraza kiliachia. Hakikufanya kishindo kikubwa. Kilijikunja tu kikaanguka, na tulisubiri, na maji yakakipokea.

Walimlaza kwenye blanketi la Babu. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Mkuu alipiga magoti akamshika mkono, akilia wazi mbele ya wanafunzi.

"Mshukuru mtoto huyu," alisema, akinivuta mbele kwa bega. "Sisi tulikuwa mtoni tunakutafuta majini. Huyu ndiye aliyekusikia ukiita."

Mwalimu alinitazama.

"Sikuita," alisema.

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini kila mtu aliisikia.

"Nilijaribu mara moja, asubuhi. Nilipopiga kelele, mawe yalishuka. Nikanyamaza. Nimekaa kimya toka wakati huo. Nilikuwa naogopa hata kukohoa."

Mkono wa Mkuu ulikuwa bado begani kwangu. Niliuhisi ukibadilika uzito.

"Na hakuna mtu niliyemwambia mahali," Mwalimu aliendelea. "Hata mmoja. Nilikaa pale nikawaza, hawatanipata, maana mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia mtoni. Nikawaza, yupo mmoja tu anayejua. Aliyeliweka."

Alifungua kiganja kingine. Ua lilikuwa humo, petali moja imevunjika, na pale ilipovunjika palikuwa peupe, nta tupu. Aliligeuza akalishika karibu na tochi ya dereva, kama alivyotufundisha, tukaona wote sepali zisizokuwepo, na mahali pake uzi mwekundu umezungushwa na kufungwa fundo.

"Spika," alisema. "Sogea. Geuka."

"Mwalimu..."

"Geuka. Sijaliona kisogo."

Niligeuka. Nilikuwa natazamana sasa na wanafunzi wote, na Fundi mbele yao, machozi yanamtiririka. Nyuma yangu tochi ilisogea. Nilihisi joto lake shingoni, halafu kidole cha Mwalimu, baridi, chenye udongo, kikigusa ukosi wa sweta langu pale ulipofumuka, kikaufuata ule mfumuko polepole toka upande huu hadi upande ule.

Hakuna aliyecheka. Nilitafuta ile sauti yangu, ya mstarini, ya kuwasimamisha watu mezani. Sikuipata. Iliyotoka ilikuwa ya mtoto yeyote tu.

"Nililipika mimi," nilisema. "Wazo lilikuwa langu. Fundi alitaka kukwambia, nikamzuia. Nilijua kuhusu barua ya chuo kikuu, ndiyo maana nikachagua ua. Ufa ule tuliuongeza sisi kwa manati. Siku ile maabara nilikuja kukwambia, nikaogopa godoro."

Kidole kilikuwa bado shingoni.

"Endelea," alisema Mwalimu. Alijua kwamba bado.

"Kengele ilipokosa kulia, nilijua uko hapa. Walipokimbilia mtoni nilijua. Niliwaacha waende. Nilisimama mstarini, Mwalimu, nikawa nangoja nipate uongo mzuri."